Kutunza Hita ya Maji Kuanzia Kwenye Tangi: Mwongozo kwa Kaya za Tabora

Kila mwezi wa Juni unapoingia na asubuhi za Tabora zinapoanza kuuma kwa baridi, mafundi bomba wa mjini huulizwa maswali yale yale. Kwa nini hita inatoa maji ya uvuguvugu? Kwa nini inadondosha maji pembeni? Kwa nini elementi, ile fimbo ya ndani inayopasha maji, iliyobadilishwa mwaka jana imeungua tena? Majibu ya maswali mengi ya namna hiyo hayamo ndani ya hita yenyewe, bali yamo kwenye tangi lililo juu ya mnara nyuma ya nyumba, ambalo pengine halijafunuliwa kifuniko tangu siku lilipopandishwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na tangi na kumalizia na hita, kwa kufuata njia ambayo maji yenyewe hupita.

Umeandikwa kwa ajili ya nyumba ya kawaida ya Cheyo, Isevya, Ipuli, Kiloleni au Ng'ambo: maji huingia kwenye tangi la plastiki la lita 1,000 au 2,000, hushuka kwa uzito wake hadi ndani, na sehemu yake hupita kwenye hita ya umeme ya lita 30 hadi 80 iliyofungwa ukutani. Maji yawe yametoka Bwawa la Igombe, yawe yamesafiri kutoka Ziwa Victoria kupitia Nzega, au yawe yamevutwa kisimani, yote hubeba chembechembe za udongo, na baadhi hubeba chokaa. Ukitaka kujua maji yako yana chokaa kiasi gani, angalia ndani ya birika unalochemshia chai. Ukiona ukoko mweupe uliogandamana chini, ujue kwamba ukoko huohuo umeizunguka elementi ya hita.

Nadharia unayohitaji ni hii tu. Kila mita moja ya kimo kutoka kwenye maji ya tangi hadi kwenye shawa huongeza presha ya takribani baa 0.1, hivyo tangi lililo mita nne juu ya shawa hutoa baa 0.4, ambayo ni presha ndogo. Uchafu kidogo tu kwenye chujio au hewa iliyonaswa kwenye bomba hutosha kuifanya shawa idondoshe badala ya kumwaga.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Andaa ngazi imara na mtu wa kuishika. Brashi ya plastiki yenye mpini mrefu. Ndoo mbili na vitambaa safi. Mpira wa kumwagilia bustani wa kufika nje. Spana mbili za bomba, spana ya boksi inayoingia kwenye nati za elementi, na bisibisi. Testa ya umeme, au multimita ikiwa unaweza kuazima. Tepu ya uzi. Washa ya boya, yaani kipande cha mpira kinachoziba maji yanayoingia kwenye tangi. Gasketi mpya ya elementi, yaani mpira unaozuia uvujaji pale elementi inapofungwa. Siki nyeupe lita mbili au tatu. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe isiyotiwa manukato. Na glavu za mpira. Gasketi inunuliwe kabla ya kufungua hita, kwa kuwa ile ya zamani mara nyingi huchanika inapobanduliwa, na duka la vifaa halitakufungulia usiku wakati familia nzima inasubiri kuoga.

Ikiwa hujawahi kufungua kifaa cha umeme, fanya kazi ya tangi mwenyewe na umwite fundi umeme kwa hatua za hita zinazogusa nyaya. Kaa karibu naye na mwongozo huu, kwani si kila fundi hufanya hatua zote pasipo kuulizwa.

Sehemu ya kwanza: tangi

1. Chagua siku ambayo una hakika maji yatatoka bombani. Siku mbili kabla, funga koki inayoingiza maji kwenye tangi na uyatumie yaliyomo hadi kibaki kina cha kiganja kimoja. Usilifanye zoezi hili katika wiki ya mgao, kwa sababu utalazimika kurudishia maji uliyokwisha kuyachafua.

2. Zima breka ya hita kabla ya kugusa tangi. Hatua hii huonekana haihusiani na usafi wa tangi, lakini ndiyo inayookoa elementi nyingi kuliko nyingine yoyote, na sababu yake imeelezwa mbele.

3. Funga koki ya bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi kwenda ndani. Kosa la kawaida la anayeanza ni kukoroga tope la chini huku koki hiyo ikiwa wazi. Tope lote hushuka kwenye mabomba, huingia kwenye hita, na huziba vitundu vya shawa. Kisha mwenye nyumba hushangaa kwamba tangi ni safi ilhali maji ni machafu kuliko jana.

4. Sugua kuta na sakafu ya tangi kwa brashi ukiwa nje, kupitia mdomo wake. Usiingie ndani ya tangi, na usimwingize mtoto kwa sababu tu mwili wake unapenya. Hewa ya mle ni finyu na kumtoa aliyezirai ni kazi ngumu. Usitumie sabuni ya unga wala brashi ya waya, kwa kuwa mikwaruzo kwenye plastiki huwa makazi ya uchafu mpya. Tope litoke kupitia koki ya chini ya kusafishia ikiwa ipo, la sivyo likombwe kwa kopo na kukaushwa kwa vitambaa.

5. Suuza mara mbili kwa maji safi na uyatoe yote.

6. Jaza tangi na utie klorini. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, tia takribani lita moja na nusu kwa kila lita 1,000 za maji, ili kupata kiwango cha miligramu 50 kwa lita. Funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita, kisha fungua koki ya tangi na kila bomba la maji baridi ndani ya nyumba hadi usikie harufu ya klorini, halafu uyafunge. Acha maji yakae usiku kucha. Asubuhi yamwage yote, jaza upya, na usuuze mabomba hadi harufu iishe. Katika saa hizo mtu asinywe, asipikie wala asioge maji hayo, na yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha wala karibu na kuku.

Onyo: klorini isikutane na siki, dawa ya kusafishia choo, wala tindikali yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Siki iliyoorodheshwa juu ni ya hita peke yake, na ifanyiwe kazi siku nyingine.

7. Kagua boya. Linyanyue kwa mkono: maji yanayoingia yakatike kabisa. Yakiendelea kupenya, badilisha washa. Boya lililoingiwa na maji ndani huzama na kulifanya tangi lifurike usiku, nawe utaigundua hasara hiyo kwenye bili.

8. Funga wavu mwembamba kwenye bomba la kufurikia, na hakikisha kifuniko kinakaza. Vumbi la kiangazi hupenya kila palipo na uwazi, na mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyotulia. Jiwe lililowekwa juu ya kifuniko kilichopinda halizuii lolote kati ya hayo mawili.

9. Kama kuna chujio kwenye bomba linalokwenda kwenye hita, lifungue, usuuze wavu wake, ulirudishe. Kama halipo, mwambie fundi aliweke. Ni kifaa kidogo, na ningelishauri kabla ya kununua shawa mpya au pampu.

Kusafisha tangi mara mbili kwa mwaka kunatosha nyumba nyingi: mara moja kabla ya mvua za Novemba, na mara moja zikiisha, kuelekea Mei. Maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa au kutiwa dawa hata tangi likiwa jipya.

Sehemu ya pili: hita

Sasa ile sababu iliyoahidiwa. Elementi ya hita imetengenezwa ifanye kazi ikiwa imezama. Ikiwashwa bila maji, joto halina pa kwenda, na huungua kwa muda mfupi sana. Wengi huamini kwamba hita haiwezi kubaki tupu kwa kuwa maji ya moto hutokea juu, na hilo ni kweli maadamu valvu inayozuia maji kurudi nyuma ni nzima. Chembe ya mchanga ikinasa kwenye valvu hiyo, kisha tangi la nje likaisha na mtu akafungua bomba la chini uani kujaribu bahati yake, maji ya hita hurudi nyuma kupitia bomba la baridi na kutokea huko. Jioni yule anayewasha hita hana namna ya kujua kwamba ndani mmebaki hewa. Kwa hiyo iwe desturi ya nyumba, na kila anayeishi humo aambiwe, dada wa kazi na wageni wakiwemo: maji yakikatika, breka ya hita huzimwa kwanza.

1. Zima breka ya hita, kisha pima kwa testa kwenye vituo vya nyaya kuhakikisha hakuna umeme. Swichi ya ukutani haitoshi, kwa kuwa baadhi hukata waya mmoja tu na wayaringi nyingine zimegeuzwa. Bandika karatasi kwenye breka ili mwingine asiiwashe.

2. Acha maji yapoe, au yafungulie hadi yatoke baridi. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi.

3. Funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita. Fungua bomba la maji ya moto lililo juu kuliko mengine ili hewa iingie; pasipo hewa maji hayatoki, na wanaoanza hudhani hita imeziba. Unganisha mpira kwenye koki ya kutolea maji, au nyanyua mkono wa valvu ya usalama ikiwa hita yako hutolewa maji kwa njia hiyo, na uyaelekeze nje.

4. Hita ikiisha maji, fungua koki ya baridi kwa nusu dakika, funga, uyaache yatoke. Rudia hadi yatoke meupe. Kwa maji yasiyo na chokaa, kazi ya mwaka inaweza kuishia hapa, na unaruka hadi hatua ya 8.

5. Kwa maji yenye chokaa, endelea. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzifungua. Legeza nati za elementi kwa mshazari, moja huku na nyingine upande wa pili, kisha ivute taratibu. Ukoko wa juu hung'oka kwa mkono. Uliobaki uloweke kwenye siki kwa saa kadhaa. Usiuparue kwa kisu, kwa maana ganda la elementi likitobolewa umeme utaingia ndani ya maji. Mwenye multimita apime: elementi ya wati 2,000 kwa volti 230 inapaswa kusoma takribani omu 26. Isiposoma kitu imekatika, na ikisoma kati ya kituo chake na ganda lake, itupwe hata kama bado inapasha.

6. Tazama anodi, ile fimbo ya magnesiamu iliyo pamoja na elementi au yenye nati yake. Kazi yake ni kuliwa na kutu ili mwili wa hita usiliwe. Ikiwa imekonda kuliko kidole cha mwisho, au waya wa katikati unaonekana, weka mpya. Hii ndiyo sehemu inayosahaulika kupita zote. Ziko hita ambazo zimetoboka na fimbo iliisha miaka mingi nyuma.

7. Weka gasketi mpya, rudisha elementi, ukaze nati kwa mshazari, kidogo kidogo.

8. Fungua koki ya baridi huku bomba la maji ya moto likiwa wazi. Mwanzoni bomba litakohoa hewa. Subiri hadi maji yatoke mfululizo bila kukohoa, kisha kagua uvujaji kuzunguka gasketi. Ni baada ya hapo tu ndipo unapowasha breka.

9. Jaribu valvu ya usalama. Ni kifaa cha shaba kilicho kwenye bomba la baridi chini ya hita, chenye mkono mdogo. Unyanyue kwa muda mfupi: iteme maji, kisha ikate. Fanya hivyo kila mwezi ili isigande kwa chokaa.

Niseme zaidi kuhusu valvu hii, kwa kuwa ndiyo inayotendewa vibaya kuliko kifaa kingine chochote nyumbani. Maji yanapopashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka ujazo kwa takribani asilimia 1.5, yaani zaidi ya lita moja kwa hita ya lita 80. Mahali ambapo maji hayawezi kurudi nyuma, ongezeko hilo hutokea kwenye valvu ya usalama, tone baada ya tone. Mwenye nyumba huona sakafu imelowa, na fundi wa haraka huziba tundu kwa plagi au kwa tepu. Tangu saa hiyo, siku themostati, yaani kidhibiti joto cha hita, itakaponasa, maji yatapita nyuzi 100 yakiwa yamefungiwa, na mwili wa hita ukipasuka yatageuka mvuke mara moja kwa nguvu ya kubomoa ukuta. Tundu la valvu lisizibwe kwa sababu yoyote. Liunganishiwe mpira unaoteremka hadi kwenye mfereji, na mwisho wake uachwe wazi.

10. Weka themostati kwenye nyuzi 60 hivi. Chini ya 50, bakteria wa lejionela wanaweza kustawi ndani ya hita. Juu sana, unalipia joto linalopotea na ukoko hujengeka haraka. Kwa nyumba yenye watoto au wazee, usishushe joto la hita, bali weka bomba la kuchanganyia kabla ya shawa. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 22 hadi 60 hutumia yuniti 2.2 hivi za umeme, ambazo kwa elementi ya wati 2,000 ni saa moja na dakika chache. Kuacha hita ikiwaka usiku kucha kwa ajili ya kuoga asubuhi ni kuichosha LUKU bila faida.

Kwa wenye shawa ya umeme inayopasha papo kwa papo, maelezo ni mafupi. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 24, kwa hiyo inahitaji waya wake yenyewe wa milimita za mraba 4 au 6 na breka yake, si kuunganishwa kwenye soketi ya jirani. Waya wa ethi ufike kwenye fito ya ardhini kwelikweli. Sahani ya vitundu ifunguliwe na kulowekwa kwenye siki kila baada ya miezi michache. Usibadilishe joto huku maji yakitiririka, na usioge wakati wa radi. Mvua za Tabora huja na radi nyingi, na mabomba ya chuma pamoja na maji hupitisha umeme wake.

Matatizo ya kawaida na pa kuanzia

Maji ni ya uvuguvugu. Kagua kwanza themostati, kisha ukoko kwenye elementi. Kama ni moto kwa dakika mbili na kupoa, huenda hita ni ndogo kwa idadi ya waogaji, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Maji ya moto ni haba ilhali ya baridi yanatoka vizuri. Safisha chujio. Halafu fungua mabomba yote ya moto kwa pamoja, ukianzia la chini, ili hewa iliyonaswa itoke. Tatizo likirudi kila baada ya mgao, lipo bomba lililopanda na kushuka njiani, na linahitaji kunyooshwa.

Valvu ya usalama inadondosha. Wakati wa kupasha, ni kawaida. Ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa na kupoa, nyanyua mkono wake mara chache kuondoa mchanga. Isipoacha, nunua nyingine yenye kiwango kilekile cha presha kilichoandikwa kwenye mwili wake.

Hita inanguruma au kupasukapasuka ndani. Ni ukoko. Rudi hatua ya 5 ya sehemu ya hita.

Maji yana harufu ya yai bovu. Mara nyingi ni bakteria wanaoshirikiana na anodi. Safisha tangi, pandisha joto zaidi ya nyuzi 60 kwa siku moja ukiwaonya wa nyumbani, na ikirudi weka anodi ya aluminiamu yenye zinki.

Maji ni ya kahawia. Fungua la baridi peke yake. Kama nalo ni la kahawia, tatizo ni tangi au mtandao. Kama ni la moto tu, hita inaliwa na kutu. Kagua anodi siku hiyohiyo.

Breka inaanguka, au bomba linapiga shoti. Zima na uache imezimwa. Usiongeze ukubwa wa breka, na mtu asiguse bomba hilo hadi fundi umeme apime elementi na ethi. Mwombe pia afunge breka ya kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampea 30, ambayo hukata kabla mtu hajadhurika.

Bili ya maji imepanda bila sababu. Usiku funga mabomba yote na koki ya kuingizia maji kwenye tangi, andika kipimo cha mita, ulinganishe asubuhi. Ikisogea, uvujaji uko kati ya mita na tangi. Isiposogea, weka alama ya kina cha maji kwenye tangi usiku unaofuata, na kikishuka tafuta ndani ya nyumba, ukianzia chooni.

Hita inavuja kwenye mwili wenyewe, si kwenye gasketi wala kwenye maungio ya mabomba. Usikubali ichomelewe. Joto la kuchomelea huharibu utando wa kinga wa ndani, nayo itatoboka pembeni ya kiraka baada ya muda mfupi. Zima umeme, funga koki ya baridi, itoe maji, na ununue nyingine. Dukani, kabla ya kuuliza bei, omba uonyeshwe pa kubadilishia anodi na koki ya kutolea maji, kwa sababu zinauzwa pia hita zisizokuwa na chochote kati ya hivyo.